Mgomba Uliotoka kwa Mbegu

Masomo: Mathayo 13:24-30, 1 Petro 1:22-25

  

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mgomba. Si mgomba ule ambao kila mtu anaujua, bali mgomba ambao hakuna ajuaye umetoka wapi.

Mtu wa Sigor akitaka kupanda mgomba, hufanya nini? Huenda kwa jirani yake na kuomba mche. Jirani huchukua jembe, akachimba kando ya mgomba mkubwa, akatoa chipukizi lenye mizizi yake. Yule anayepewa hana shaka hata kidogo. Amekwisha kumwona mama yake, na mkungu wake ameuona, na pengine ndizi zake amezila. Chipukizi lile ni kipande cha mama yake, na litazaa kama yeye. Kwa njia hiyo migomba yetu imepita kutoka mkono hadi mkono, kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu.

Lakini yako mambo mengine yanayotokea. Watoto huenda mtoni, wakaokota mbegu nyeusi, ngumu kama kokoto, wakazichezea. Moja huanguka nyuma ya zizi, mahali penye samadi. Mvua hunyesha. Mbegu hiyo haina haraka, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Yaweza kukaa udongoni miezi mingi. Kisha siku moja mama wa nyumba huona jani limejikunja kama karatasi, likafunguka, na tazama, ni jani la mgomba! Majirani huja kutazama. Wanauliza: "Huu ni mgomba gani? Mmeupata kwa nani?" Hakuna jibu. Mmoja asema, "Ung'oeni, hatuujui." Mwingine asema, "Uacheni, mwakani tutakula ndizi." Ndugu zetu, hawa wawili wote wamesema kabla ya wakati.

Na tuangalie mambo matatu.

Kwanza, mmea usiojulikana hutambuliwa kwa uvumilivu na kwa kuangalia dalili nyingi.

Ndizi tunazokula nyumbani hazina mbegu. Vile vidoa vidogo vyeusi unavyoviona ukivunja ndizi ni vijiyai ambavyo havikupata kuwa mbegu. Mababu wa migomba hii walikuwa migomba ya mwituni huko Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea, ambayo matunda yake yalijaa mbegu. Watu wa kale walichagua ile yenye nyama nyingi na mbegu chache, wakaendelea kupanda machipukizi yake. Mingi kati ya migomba yetu ya leo hubeba mafungu matatu ya urithi badala ya mawili, na mafungu matatu hayagawanyiki sawasawa. Ndiyo sababu haizai mbegu. Basi mgomba ukiota wenyewe kutoka kwa mbegu, jambo moja twaweza kulijua tangu siku ya kwanza: huu si mtoto wa migomba ya kawaida ya hapa nyumbani.

Basi ni mgomba gani? Katika nchi yetu ya milima, jibu la karibu zaidi ni ule mgomba-mwitu unaoota wenyewe katika makorongo na kando ya vijito vya misitu ya nyanda za juu. Wataalamu huuita Ensete. Zamani waliuhesabu pamoja na migomba mingine, lakini mwaka 1947 mtaalamu aitwaye Cheesman alionyesha kwamba ni jamii ya peke yake. Ni ndugu wa mgomba, lakini si mgomba wenyewe.

Mkulima asiye na darubini wala kitabu atautambuaje? Na atazame mbegu, kama amebakiwa na moja. Mbegu ya mgomba-mwitu wa Asia ni ndogo, haifiki urefu wa sentimita moja. Mbegu ya Ensete ni kubwa kama harage nene, nyeusi, na ina shimo upande mmoja. Kisha na atazame shina. Shina la mgomba wa kawaida limenyooka, lakini la Ensete limevimba chini kama kibuyu cha maziwa. Na atazame majani. Ya Ensete husimama juu kwa fahari, na vikonyo vyake ni vifupi, tena mara nyingi uti wa jani huwa mwekundu. Kisha na angoje mwaka mmoja, hata miwili, akitazama chini ya shina. Mgomba wa kawaida utakuwa umekwisha kutoa machipukizi kando yake. Ensete hautoi. Husimama peke yake tangu kuota hadi kufa.

Na kama machipukizi yakitokea? Hapo ni mgomba wa kweli wenye mbegu, na kazi ya kuutambua inaendelea. Mwaka 1955 wataalamu wawili, Simmonds na Shepherd, waliokuwa wakifanya kazi katika kisiwa cha Trinidad, waliandika njia ya kuipambanua migomba kwa jamii mbili za mababu zake. Hawakutumia dalili moja. Walitaja dalili 15! Walitazama kikonyo cha jani, kama mfereji wake umefunguka au umefumbwa. Walitazama magamba ya ua, kama hujikunja yanapofunguka au huinuka tu. Walitazama hata safu za vijiyai ndani ya tunda. Kila dalili waliipa alama kuanzia 1 hadi 5, wakajumlisha zote, na ndipo waliposema, "Huu ni wa jamii fulani."

Ndugu msikilizaji, hebu tulifikiri jambo hili. Wanadamu wenye elimu walipotaka kuujua mgomba, walidai dalili 15. Sisi tukitaka kumjua mtu aliye mfano wa Mungu, je, twadai ngapi? Mara nyingi moja yatutosha. Twasikia jina la baba yake, basi. Twasikia jinsi anavyotamka maneno, basi. Twaambiwa kwamba mama yake hakuolewa, basi. Twafunga daftari na kusema tumemjua.

Bwana Yesu alitufundisha katika Mathayo sura ya 7 kwamba mti hutambulikana kwa matunda. Hakutaja majani, wala hakutaja mahali mti ulipotoka. Na matunda ni kitu kinachokuja mwisho. Ensete huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Anayetaka kuhukumu kwa matunda hana budi kwanza kupalilia na kungoja.

Pili, mmea usio na faida kwetu huenda una kazi ambayo hatujaifahamu.

Tuseme tumengoja, na Ensete ukazaa. Mkungu wake ni mkubwa, nao wapendeza macho. Lakini ukikata tunda utakuta mbegu zimejaa, na nyama kidogo tu imezizunguka. Watoto watasikitika. Yule jirani aliyesema ung'olewe atasema, "Sikuwaambia?"

Lakini twende pamoja mpaka kusini mwa Ethiopia. Huko, kwa Wagurage, Wasidama na watu wengine wengi, mmea huu huu ni tegemeo la mamilioni ya watu. Umepandwa kuzunguka nyumba zao kama sisi tulivyopanda mahindi. Hawautaki kwa ajili ya tunda. Huukata, wakakwangua shina lake na kuponda tunguu lililo chini ya ardhi, wakafukia unga ule mbichi katika shimo lililotandikwa majani, ukakaa humo mpaka uchachuke. Kisha huukanda na kuoka mkate uitwao kocho. Mmea huu hustahimili ukame, nao hukaa shambani miaka mingi ukingoja siku ya haja. Hata lile neno tulilosema, kwamba hautoi machipukizi, wao wamelipatia njia: hukata kiini cha tunguu lake, na kutoka katika jeraha lile huchipuka miche mingi.

Basi tulikuwa tukitafuta chakula katika tunda, kumbe Mungu amekiweka katika shina na katika tunguu.

Tuchukue na mfano wa Uganda. Katika kituo cha utafiti cha Kawanda, wataalamu walitafuta matoke yatakayostahimili ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi. Walichukua chavua ya ndizi-mwitu iitwayo Calcutta 4, ndizi yenye mbegu isiyoliwa na mtu, kwa sababu ndani yake mna kinga dhidi ya ugonjwa huo. Wakaipeleka kwenye maua ya matoke, wakatafuta mbegu chache zilizopatikana, wakaziotesha kwa taabu nyingi, wakazitunza na kuzichagua mwaka baada ya mwaka. Kwa kazi ya namna hiyo, mwaka 2010 wakulima walipewa aina mpya iitwayo M9. Ile iliyodharauliwa ndiyo iliyoleta kinga. Msomaji wa Biblia hawezi kushangaa, kwa kuwa Zaburi ya 118 imekwisha kutuambia habari za jiwe walilolikataa waashi, na jinsi lilivyowekwa mahali pa heshima.

Katika kusanyiko letu yuko mtu ambaye hajui kuimba, hajui kuomba mbele ya watu, wala hana cha kutoa siku ya harambee. Tunasema hana matunda. Je, tumemwuliza nani huwachotea maji wagonjwa kijijini kwake?

Tatu, na hili ni zito: tujihadhari na mkono unaong'oa, na panga linalokata.

Uko ugonjwa wa migomba unaoitwa mnyauko wa bakteria. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia, katika Ensete. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, nao ukaenea katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya siku zake na kuoza ndani, na ukikata shina hutoka majimaji ya manjano. Mtu aweza kusema, "Mwaona? Mgeni ndiye mwenye ugonjwa." Lakini sikilizeni vizuri. Kuna wadudu wanaoubeba kutoka ua hadi ua, ni kweli. Lakini mbebaji mmoja mkubwa ni panga la mkulima mwenyewe. Hukata mgomba mgonjwa, kisha bila kulisafisha huenda akakata mzima, na kesho ule mzima nao umenyauka. Ndiyo maana wakulima hufundishwa kupitisha panga motoni au kulisafisha kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Mtume Yakobo katika sura ya 3 anatuonya juu ya ulimi. Ulimi ni panga la namna hiyo. Neno baya tulilolisikia kwa jirani huyu twalipeleka kwa jirani yule, na hatupitishi motoni hata mara moja. Twadhani twasafisha shamba, kumbe twalieneza gonjwa.

Wapendwa, sisi wa nchi hii ya chai tunajua mambo hayo si mfano tu. Mwaka 1992 mapigano yalizuka kati ya majirani huku kwetu Bonde la Ufa na mipakani mwake. Tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa, na wafanyakazi walikimbia makambi ya chai huko Kericho wakiwa na watoto mgongoni. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha yao. Na kabla ya moto kulikuwa na maneno. Liko neno moja ambalo wote tunalikumbuka. Watu waliotoka kabila lingine waliitwa madoadoa, na ilisemekana kwamba madoadoa yaondolewe.

Basi hebu turudi shambani. Katika zile dalili 15 tulizozitaja, iko moja inayohusu shina. Yule babu wa migomba ambaye urithi wake umo karibu katika kila ndizi tunayokula, hutambuliwa kwa kitu gani shinani? Hutambuliwa kwa madoadoa meusi na ya kahawia! Mkulima akiona madoadoa hayo hachukui kisu kuyakwangua. Ni dalili ya jamii iliyowalisha watoto wake. Neno lililotumiwa kuwafukuza watu, Muumba ameliandika katika shina la chakula chetu.

Katika mfano wa magugu, watumwa walimwendea bwana wao wakiwa na bidii nyingi. Walitaka kung'oa. Bwana wao hakuwaruhusu, akihofu kwamba wataing'oa na ngano pia. Akaagiza vyote vikue pamoja mpaka mavuno, na kazi ya kutenganisha hakuwapa wao. Yesu mwenyewe alieleza baadaye kwamba wavunao ni malaika. Hatukatazwi kuwa waangalifu. Mkulima mwenye busara aweza kuupanda mgomba asioujua mbali kidogo na migomba yake mingine, akautazama kila siku na kulisafisha panga lake. Huo ni uangalifu. Lakini uangalifu hupalilia na kutia samadi, wala hauchukui moto usiku.

Sasa tufike kwenye neno la Mtume Petro. Anawaandikia Wakristo waliotawanyika, walioishi kama wageni katika nchi za watu. Anawaambia kwamba wamezaliwa mara ya pili kwa mbegu isiyoharibika, nayo ni neno la Mungu lililo hai. Angalieni, hasemi kwamba wamezaliwa kwa chipukizi. Mtoto wa mzee wa kanisa hawi Mkristo kwa kuwa amechimbuliwa kando ya baba yake. Mjukuu wa yule aliyeipokea Injili kwanza katika kijiji hiki hawi na uzima kwa sababu ya babu yake. Sote, wa zamani na wa jana, tumeota kutoka kwa mbegu. Mbele za Mungu kila mmoja wetu alikuwa mmea usiojulikana nyuma ya zizi, na Yeye hakusema, "Ung'oeni." Alitia samadi, akangoja.

Basi Jumapili ijayo, akiingia kanisani binti mwenye mtoto asiyetajiwa baba, tumpe nafasi kwenye benchi letu. Akija mke aliyeolewa kutoka kabila lingine, asiyejua bado lugha yetu, mama mmoja na akae karibu naye na kumfunulia Biblia. Akirudi kijana aliyepotea miaka mingi mjini, tusianze kwa kumwuliza maswali. Na jirani zetu waliorudi baada ya kufukuzwa, tuwatangulie sisi kwa salamu njiani, wasingoje wao kutuamkia.

Ensete, ndugu zetu, hutoa ua mara moja tu. Ukiisha kuzaa, mmea wote hufa, shina na majani pamoja, wala hauachi chipukizi. Unachoacha ni mbegu. Bwana Yesu alisema habari za punje inayoanguka katika nchi na kufa, ndipo izae mengi. Tunasoma hayo katika Yohana 12:24. Alikuwa akinena habari zake mwenyewe. Watu wa kwao walimtazama kwa dalili moja tu, wakauliza kama neno jema laweza kutoka Nazareti. Wakamng'oa, wakamtupa nje ya mji. Nasi tunaoishi leo ni mazao ya punje ile.

Tuombe.

Ee Baba yetu, mwenye shamba, twakushukuru kwa kuwa hukutung'oa tulipokuwa hatujazaa. Utupe macho yenye subira, tusimhukumu mtu kwa dalili moja. Safisha ndimi zetu kwa moto wako. Wabariki majirani zetu wa kila kabila katika nchi hii, wachumao chai na walimao mahindi, na watoto wasiojua baba zao. Na siku ya mavuno utukute tungali tukipalilia. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.